Filta ya tangi lako la kwanza: umeme ukirudi, itawaka?

Harufu ya plastiki inayoungua ndiyo iliyoniamsha. Saa kumi alfajiri, nikadhani ni soketi ya friji. Nikazunguka sebule nzima na tochi ya simu mpaka nikafika kwenye tangi la samaki. Ile filta ya kuning'iniza kwenye ukingo wa tangi niliyokuwa nimeinunua wiki tatu nyuma ilikuwa inanguruma kavu, haina tone la maji ndani, na ukiigusa unarudisha mkono haraka. Umeme ulikatika saa tatu usiku. Uliporudi sisi tumelala, mota ikazunguka lakini maji hayakupanda, ikasaga hewa mpaka ikaungua. Guppy wangu tisa walikuwa juu wote, midomo nje, wanahema kama watu waliopanda ghorofa ya nane kwa ngazi. Watano nikawazika chini ya mlimao.

Nilipolisimulia hilo, msomaji mmoja wa Morogoro akaniandikia kisa chake. Yeye ana filta ya sponji, ile inayoendeshwa na pampu ya hewa. Pampu aliiweka sakafuni, nyuma ya kabati. Umeme ukakatika, maji yakaingia kwenye mpira wa hewa, yakashuka hadi kwenye pampu, yakaendelea kutoka kama petroli inayovutwa kwa mpira kwenye tangi la gari. Asubuhi zulia linaelea na tangi limebaki nusu. Pampu nayo ikafa.

Kwa hiyo msitegemee nianze na lita za maji ambazo filta inasukuma kwa saa, rangi ya taa au tangi lenye umbo zuri. Hayo muuzaji atakuimbia mwenyewe. Mimi nina swali moja tu ambalo hakuna aliyeniuliza siku nanunua: umeme ukikatika kisha ukarudi wewe hupo, hiyo filta inajiwasha na kuvuta maji yenyewe, au inakusubiri?

Swali hili lina uzito kwa sababu filta si ufagio wa kuokota uchafu tu. Samaki anatoa amonia, na amonia inamuua. Ndani ya sponji kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine wanaigeuza kuwa naitreti, ambayo samaki anaivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Bakteria hao huchukua kama wiki nne hadi sita kujijenga kwenye tangi jipya, na wanahitaji maji yenye hewa yapite juu yao muda wote. Filta ikisimama usiku kucha unaweza kupoteza kazi ya mwezi mzima. Sisi wa Dar tuna tatizo la ziada: joto. Maji ya nyuzi 25 yanabeba oksijeni kama miligramu 8.2 kwa lita, ya nyuzi 30 yanabeba kama 7.5. Hita hatuhitaji (watu wa Njombe na Arusha, ninyi mnahitaji), lakini samaki wetu wanaanza kukosa pumzi mapema.

Sasa sikiliza kilichoiunguza ile filta yangu, maana nilichukua wiki nzima kuelewa. Filta nyingi za kuning'iniza mota yake inakaa kwenye kile kiboksi cha nje, juu ya usawa wa maji au karibu nao. Siku ya kwanza unajaza kiboksi kwa kikombe, unawasha, inavuta. Ikizimwa, maji ya kwenye bomba yanarudi chini tangini. Kama tangi limejaa mpaka juu, bomba linabaki na maji ya kutosha na mota inaanza tena bila shida. Lakini mwezi wa pili, na joto hili, maji yanapungua kwa mvuke. Tangi langu hupungua karibu vidole viwili kwa wiki. Vidole viwili hivyo ndivyo vilivyoniua samaki. Filta ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa kwa sababu ilikuwa haijazimwa, na hakuna dalili yoyote unayoiona mpaka izimwe.

Sitaficha ninakoegemea. Namba moja kwangu ni Seachem Tidal, na kwa tangi la lita 100 hadi 200 chukua ile ya 55. Inatengenezwa na Sicce wa Italia, na mota yake imewekwa chini, ndani ya maji ya tangi, siyo kwenye boksi la nje. Mota iliyozama haina haja ya kujazwa kwa kikombe. Ya kwangu nimeizima na kuiwasha kwa makusudi zaidi ya mara ishirini, mara nyingine nikiwa nimepunguza maji nusu kiganja. Inanguruma sekunde chache, inatema hewa, kisha maji yanamwagika. Ina pia kile kidude cha bluu kinachoinuka kukuonyesha kwamba sponji imejaa uchafu, ambacho nilikidhani ni mapambo mpaka siku kilipoinuka.

Ina kasoro. Kwa kuwa mota iko chini, punje ya mchanga ikiingia inapiga kelele kama kokoto kwenye debe. Unaifungua, unasafisha panga lake linalosukuma maji kwa mswaki wa zamani, inanyamaza. Inanyonya pia vifaranga vya guppy, kwa hiyo mdomo wake nimeuvalisha kipande cha sponji. Na bei yake, jamani. Nililia.

Kabla hujamwagiza ndugu yako aliyeko Marekani akuletee: usifanye hivyo. Ya kule ni ya volti 120 na hezi 60. Hapa kwetu ni 230 na hezi 50. Ukiichomeka hivihivi umeiua, na hata ukitumia transfoma ya kushusha volti, mota hizi zinafuata hezi, kwa hiyo itazunguka polepole kuliko ilivyoundwa. Mwagize wa Ulaya au Uingereza. Ya Ulaya itakuja na pini mbili za duara, utanunua adapta. Tafadhali usinunue zile adapta zinazocheza kwenye soketi.

Namba mbili ni AquaClear, ya kampuni ya Hagen ya Kanada. Ni ya siku nyingi, na mimi ningeipa namba moja kama mngeniahidi kwamba mtajaza maji kila Jumamosi. Boksi lake hubaki na maji umeme ukikatika, na huwa inaanza tena yenyewe, ilimradi tangi limejaa karibu na ukingo. Nafasi ya sponji ni kubwa, na hailazimishi ununue vile vikatriji, yaani vifuko vya chujio, vya kutupa kila mwezi. Vikatriji hivyo ni wizi. Unatupa bakteria uliowalea, unalipa upya, na samaki wanaugua. Sponji haitupwi. Inasuuzwa, tena kwa maji uliyoyatoa tangini, siyo ya bomba, kwa sababu klorini iliyowekwa kuua vijidudu kwenye maji yetu ya kunywa haichagui bakteria wa nani.

Kwa filta zote za kuning'iniza, pima tangi lako kwanza. Wengi wetu matangi tunachongewa na fundi vioo, na fundi anapenda kuweka mkanda wa kioo kuzunguka juu ili kuta zisitanuke. Mkanda huo ndio utakaozuia filta isikae. Mwambie aache pengo nyuma, la upana wa filta yako. Mwambie kabla hajapaka silikoni.

Tatu, sponji na pampu ya hewa. Ni rahisi, inafaa kwa tangi dogo, na umeme ukirudi inaanza bila maswali kwa sababu haina cha kujaza. Ila weka pampu juu ya usawa wa maji, au funga kwenye mpira ile vali ndogo ya kuzuia maji yasirudi. Vali inaingia upande mmoja tu: puliza kwa mdomo, upande unaopitisha pumzi ndio unaoelekea tangini. Bei yake haifiki ya chapati na chai, na sijawahi kumwona muuzaji akikumbuka kukupa. Kuna pia pampu ndogo za kuchomeka kwenye pawabenki. Ninayo moja kwenye droo, na siku umeme unapokatika ndiyo inayofanya kazi.

Nne, zile za ndoo inayokaa chini ya meza. Eheim Classic ya Wajerumani inaheshimika, na kwa kuwa mabomba yake yanabaki yamejaa, inaanza tena yenyewe. Shida yake iko kwingine. Ndoo imefungwa, oksijeni ya ndani inaliwa na bakteria walewale, na umeme ukichelewa wanaanza kufa na maji yanaoza humo. Umeme ukirudi, uchafu wote huo unamwagwa kwa samaki. Ukiwa nyumbani unaifungua, unamwaga, unasuuza, ndipo unawasha. Kama hupo, pole. Hii ni ya mtu mwenye jenereta au inveta, na kwa tangi la kwanza sioni sababu.

Za mwisho ni zile nyeusi za kuzamisha, za bei poa, zilizoandikwa namba kubwa. Zinajiwasha, hilo nazipa. Sponji yake ni ndogo kama ya kuoshea vyombo. Tusonge.

Hizo namba kubwa zinanikera, niseme ukweli. Boksi limeandikwa lita 1,200 kwa saa, kitu chenyewe kinatoshea kwenye mkono wa mtoto. Hata kama ni kweli, ni kabla hujaweka sponji na kabla haijashika uchafu. Nilipokwenda kununua ya pili nikamwomba kaka wa dukani tuijaribu kwenye ndoo: tujaze, tuwashe, tuchomoe dakika kumi, tuchomeke tena. Akanitazama kama nimemwomba anioe. "Dada yangu, ikishalowa hiyo ni mtumba, nani atainunua?" Nikamwambia nitainunua mimi, ikiwaka. Akasema haina haja, mali zake hazirudi. Nilipomuuliza kama akimaanisha ni nzuri sana au kwamba hapokei bidhaa ikirudishwa, akacheka. Duka la tatu ndipo nikapata mzee mmoja aliyeinuka mwenyewe kwenda kujaza ndoo. Bei yake ilikuwa juu kidogo na nikailipa bila kuguna.

Na hili la kuuziwa samaki siku hiyohiyo na tangi! Maji ya saa moja, kokoto za bluu bado zinatoa vumbi, na mtu anakufungia samaki wa dhahabu wanne kwenye mfuko wa nailoni: "weka maji, weka samaki, umemaliza." Wakifa Jumatano unarudi Alhamisi kununua wengine. Anajua utarudi. Ndiyo maana hatakwambia habari za wiki nne. Mwambie unataka tangi na filta leo, samaki mwezi ujao, uone uso wake. Katika mwezi huo washa filta, tia chakula cha samaki kidogo sana kila siku kioze na kutoa amonia, na kama una rafiki mwenye tangi lenye afya mwombe kipande cha sponji yake chafu. Ni zawadi bora kuliko samaki.

Mnaoniuliza kuhusu LUKU: filta ya wati 5 ikiwaka mwezi mzima inakula uniti 3.6. Pasi yako inakula zaidi.

Ukishaweka samaki, badilisha kama robo ya maji kila wiki. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo iliyo wazi usiku kucha, ukiweza na jiwe la hewa (lile la kutoa mapovu) ndani, klorini iondoke. Wanaotumia kisima wapime chumvi kwa ulimi kwanza. Visima vingi vya Dar vina chumvi, guppy atavumilia kiasi, wengine hapana. Kama maji yako ni magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye sufuria, wafikirie mbuna wa Ziwa Nyasa badala ya samaki wa Amazoni tunaouziwa kwa mbwembwe. Maji ya kwao yana asili hiyohiyo. Watu wa Ulaya wanalipa hela nyingi kuwapata, sisi ni wa kwetu na hatuwataki. Ila uwe na tangi kubwa, ni wagomvi.

Umeme ukikatika usiwape chakula. Chota maji kwa kikombe na uyamimine kutoka juu, mara kadhaa kila nusu saa. Waya wa filta uache ulegee chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likiteleza lidondoke sakafuni. Na kama umeshanunua hiyo uliyonayo, leo jioni ukiwa macho punguza maji vidole viwili, chomoa, subiri dakika kumi, chomeka. Kaa hapo uisikilize.