Whitney Plantation, Louisiana: nyumba ni nzuri ila anza na majina

Kama uko New Orleans, Marekani, na una usafiri nenda Whitney, shamba la zamani la watumwa, ni kama lisaa limoja tu kwa gari, iko Wallace kando ya mto Mississippi. Mashamba ya zamani maeneo yale yako kibao na mengine siku hizi watu wanafanyia harusi, hili tangu lifunguliwe kama makumbusho Desemba 2014 linaongelea watumwa waliolijenga, ndo maana kila anayeniuliza namwambia aanzie hapa.

Nyumba ya bwana mwenye shamba ni ya kama 1790, aisee imejengwa kwa akili. Chini matofali, juu nguzo za mbao na udongo uliochanganywa na ile mimea inayoning'inia kwenye miti ya huko, yaani kuta zimekandikwa kabisa kama nyumba zetu za fito na udongo kijijini. Wameiinua juu sababu mto ulikuwa unafurika, baraza ndefu mbele ya kushika upepo, ndani hakuna korido, unatoka chumba unaingia chumba. Jiko wameliweka mbali kwa kuogopa moto.

Ila usikimbilie nyumba! Anzia kwenye kuta za mawe zenye majina. Kuna sehemu moja ina majina 107,000 ya watu waliofanywa watumwa Louisiana, aliyeyakusanya ni mwanahistoria Gwendolyn Midlo Hall, na wengi wao ni jina moja tu, halina la baba wala la ukoo, mimi nilisimama pale nikawa nasoma moja moja kwa sauti, nikashindwa kuondoka. Halafu kaangalie yale masufuria makubwa ya chuma ya kuchemshia maji ya miwa. Shamba lilianza 1752 na familia ya Kijerumani ya Heidel, wakalima nili (mmea wa kutengenezea rangi ya bluu), baadaye miwa ndo ikaleta hela, na msimu wa kukamua watu walikesha kwenye moto ule. Ukitoka hapo ndo uingie nyumbani kwa bwana, utaona kila tofali kwa jicho lingine.

Wenye watoto wadogo mjue kuna kumbukumbu ya uasi wa watumwa wa 1811, vichwa vya waliouawa vilichomekwa kwenye nguzo kando ya mto na wamevionyesha hivyo hivyo kwa sanamu, kwahiyo ongea nao kabla. Tiketi kata mtandaoni mapema, beba maji na kofia, sehemu kubwa unatembea juani. Mimi naipa nyota 5.