Krimu ya Kunyolea: Ipi Ununue, na ya Sehemu Gani ya Mwili

Ukiingia duka la vipodozi Kariakoo kuulizia krimu ya kunyolea, mara nyingi muuzaji atataka kujua una shilingi ngapi. Anza wewe na swali jingine: unataka kunyoa wapi? Ngozi ya muundi imekomaa, ya kwapa ni laini, ya kinena ni laini zaidi, na kidevu cha mwanamume kina mambo yake. Nimezipanga krimu hizi kwa kufuata hilo, kuanzia ninayoipendekeza kwa watu wengi hadi ile ambayo ningekuomba usiiguse kabisa.

Kwanza ujue inavyofanya kazi. Krimu haing'oi unywele, inauyeyusha. Nyuma ya boksi utakuta jina potassium thioglycolate au calcium thioglycolate. Hiyo ndiyo dawa yenyewe, na huvunja keratini, protini inayoupa unywele ugumu wake. Ili ivunje, hutiwa alkali kali, pH (kipimo cha ukali wa asidi au alkali, ambapo maji ni 7) ikafika karibu 12. Shida ni kwamba ngozi ya juu nayo imejengwa kwa keratini. Unywele hulainika kwanza, lakini dakika zikizidi, ngozi inafuata. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo kwa sababu hiyo: dawa hiyo isizidi asilimia 5, na pH isivuke 12.7. Na kwetu wenye ngozi nyeusi, hata mchomo mdogo unaweza kuacha doa linalokaa miezi.

Ya kwanza kwenye orodha yangu ni krimu ya tyubu iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi nyepesi kudhurika. Veet wanayo, Nair wanayo. Tafuta neno Sensitive kwenye boksi, kisha usome kama kwapa na kinena vimetajwa. Inafaa miguuni na inafaa kwapani, kwa hiyo mwenye uwezo wa kununua moja tu anunue hii. Kwa kinena, maana yake ni pembeni, kwenye mpaka wa nguo ya ndani. Haiingii ndani ya sehemu za siri, wala karibu na njia ya haja kubwa. Hakikisha boksi lina kile kijiko bapa cha plastiki na karatasi ya maelekezo. Boksi lililokwisha kufunguliwa dukani liache hapohapo, hata ukipunguziwa bei.

Ya pili ni krimu ya kawaida ya miguu na mikono. Kama nywele za miguu yako ni ngumu na ngozi haina historia ya kuwasha, hii inatosha. Kosa la watu wengi ni kuimalizia kwapani kwa kuwa imebaki. Kama boksi halikutaja kwapa, usiipeleke huko. Uso ni hivyohivyo: wanawake wenye vinyweleo vya kidevuni wanunue ile iliyoandikwa kuwa ni ya uso, na hata hiyo isisogee kwenye nyusi.

Ya tatu ni poda ya ndevu, kama Magic kutoka Marekani. Nimeiweka hapa kwa sababu ni ya watu maalumu: wanaume wanaotokwa na vipele wakinyoa. Nywele zetu zimejikunja, na wembe huzikata zikabaki na ncha kali inayorudi kuchoma ngozi. Dawa huacha ncha butu, kwa hiyo vipele hupungua sana. Kwa mwanamume wa namna hiyo, hii ndiyo namba moja, hakuna mjadala. Ikoroge kwa maji baridi mpaka iwe nzito kama uji wa mtoto, paka bila kusugua, na ukwangue kwa kitu butu muda ulioandikwa ukifika. Harufu ya mayai viza ni ya kawaida kwa poda hizi. Ni kali, usiitumie siku mbili mfululizo, na haifai kwapani wala kinenani kwa mtu yeyote.

Ya nne, ya kupuliza. Ni nzuri kwa mtu asiyetaka kuchafua mikono, basi. Huruka kwenda usikotaka, hukaa nyembamba hapa na nene pale, na kopo huisha upesi.

Ya mwisho ni ile inayochotwa kutoka kopo kubwa au kuuzwa kwenye kikopo kisicho na jina la mtengenezaji, viambato wala tarehe. Hiyo usinunue. Huwezi kujua ukali wake, na muda wa kuiacha mwilini unabaki wa kubahatisha. Tanzania, vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango, tangu 2019. Kenya ni KEBS, shirika la viwango la huko. Angalia alama zao.

Sasa jambo ambalo maelekezo ya boksini hayalitaji kwa jina letu: mkorogo. Anayepaka krimu za kung'arisha ngozi, hasa zenye haidrokwinoni au steroidi, ngozi yake imedhoofika, na krimu ya kunyolea humchoma haraka kuliko dakika zilizoandikwa. Mtu huyo asitumie yoyote kati ya hizi pale anapopaka mkorogo.

Wengine wote, jaribuni kwanza. Weka tone la ukubwa wa punje ya haragwe palepale unapotaka kunyoa, subiri muda ulioandikwa, ufute, kisha ungoje saa 24. Siku ya kunyoa weka saa ya simu ilie. Usipake palipo na kidonda, baka au kovu bichi, wala ulikopitisha wembe karibuni. Ukishafuta, suuza kwa maji ya uvuguvugu, na ukae siku nzima bila marashi, deodoranti wala kuogelea baharini.

Ikianza kuchoma, usingoje dakika zitimie. Futa yote mara moja na umwagie maji mengi. Usipake dawa ya meno, na usikamulie ndimu ukidhani itaua ukali. Malengelenge yakitokea, au maumivu yakiendelea baada ya kusuuza, nenda kituo cha afya na uchukue boksi, daktari aone ulichopaka.