Wiki Sita Kisimani: Uzoefu Wangu wa Kusoma The Wind-Up Bird Chronicle

Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka: hati za viwanja, hukumu, mikataba ya ajira, vyeti vya ndoa. Katika kazi hii kuruka sentensi moja ni kosa linaloweza kumkosesha mtu shamba lake, na ndiyo maana ninaposoma riwaya iliyotafsiriwa siwezi kumsahau yule mtu wa kati aliyeivusha kutoka lugha moja hadi nyingine. Nalitaja hili mapema kwa sababu hukumu yangu juu ya riwaya hii ya Haruki Murakami imeathiriwa na tabia hiyo ya kazini kuliko nilivyotarajia siku niliyoinunua.

Nakala yangu ni ya Kiingereza, ya jalada jepesi, yenye kurasa zaidi ya 600. Niliikuta kwa muuza vitabu vya mkono wa pili katika barabara ya Samora, Dar es Salaam, ikiwa imekunjwa ncha kwenye ukurasa wa tisini na kitu, na baada ya hapo hapakuwa na kunjo jingine lolote hadi mwisho. Ningekuwa mwerevu ningeielewa dalili ile.

Kwa Kijapani riwaya hii inaitwa Nejimakidori Kuronikuru. Ilianza kama hadithi fupi ya mwaka 1986, kisha mwandishi akaikuza hadi ikawa vitabu vitatu, viwili vikitoka mwaka 1994 na cha tatu mwaka 1995. Tafsiri ya Jay Rubin ilitolewa mwaka 1997, vyote vitatu vikiwa ndani ya jalada moja. Ndege anayetajwa katika jina la kitabu haonekani kamwe. Husikika tu mtini, akitoa mlio kama wa springi inayokazwa, na Toru, mhusika mkuu, na mkewe wamezoea kusema kwamba ndiye anayeutia ulimwengu ufunguo kila siku, kama wazee wetu walivyokuwa wakiitia ufunguo saa ya ukutani kabla ya kulala.

Kisa kinaanzia jikoni. Mwaka ni 1984, mji ni Tokyo, na Toru Okada, mwanamume wa miaka thelathini aliyeacha kazi katika ofisi ya wanasheria bila sababu ya maana, anachemsha tambi huku redio ikipiga muziki wa opera ya Rossini. Simu inalia. Mwanamke asiyemfahamu anamwomba dakika kumi tu ili waelewane. Paka wao amepotea, mkewe Kumiko anamhimiza amtafute, na kabla paka hajapatikana, Kumiko mwenyewe anaondoka asubuhi kwenda kazini na harudi. Mume wangu, akiniona nimeinamia kitabu usiku wa tatu mfululizo, aliniuliza, “Mama Nasra, hicho kitabu kinahusu nini?” Nikamjibu kwamba kinahusu mtu anayemtafuta paka. Baada ya wiki mbili akauliza kama paka ameonekana. Nikamweleza kwamba bado, ila sasa na mke naye hajulikani alipo, na mume mwenyewe ameteremka kwenye kisima kikavu ili apate kufikiri vizuri. Hakuuliza tena kwa muda mrefu.

Wasomaji wa Kiswahili hatuhitaji kuogopeshwa na riwaya isiyotii mantiki. Aliyepita katika Nagona na Mzingile za Kezilahabi ameshazoea kutembea bila kujua aendako. Tofauti ni kwamba Kezilahabi humnyang’anya msomaji mahali na wakati tangu mwanzo, na vitabu vyake ni vyembamba, kwa hiyo kizunguzungu huisha kabla hakijaumiza. Murakami hufanya kinyume chake. Anakupa kila kitu cha nyumbani: nguo za Kumiko zilizopelekwa kwa dobi, peremende za limau, shati ambalo Toru hulipiga pasi kwa hatua kumi na mbili zisizobadilika kila akili yake inapovurugika. Maajabu yanaingia katikati ya shughuli hizo bila kubisha hodi, na kwa sababu pasi ni pasi kwelikweli na tambi ni tambi kwelikweli, unajikuta umekubali pia kwamba mtu anaweza kupita katika ukuta wa kisima na kutokea kwenye chumba namba 208 cha hoteli ambayo haipo mahali popote. Sijawahi kuona mwandishi anayetumia kazi za nyumbani kwa ujanja wa namna hiyo.

Sura ya kwanza ndefu ya Toru akiwa chini ya kisima niliisoma usiku wa mgao wa umeme, kwa tochi ya simu iliyobakiwa na chaji kidogo. Pale Toru anapogundua kwamba ngazi ya kamba imevutwa juu, nilizima tochi na kukaa gizani kwa muda, nusu kwa kuokoa chaji na nusu kwa sababu sikutaka kuendelea. Ninalisema hili kwa sababu sura za namna hiyo, ambazo hakuna kinachotendeka isipokuwa mtu kukaa na kukumbuka, ndizo zinazowachosha wengi, na ni kweli kwamba ukizisoma kwenye daladala hazisomeki. Zinahitaji chumba na kimya.

Lakini kama ningelazimishwa kubaki na kurasa mia tu za kitabu hiki, nisingechagua za kisima cha Toru. Ningechagua za Luteni Mamiya. Huyu ni mzee anayemletea Toru urithi wa kumbukumbu kutoka kwa rafiki yake marehemu, bwana Honda, na anapoketi anaanza kusimulia mambo ya Manchuria, nchi ambayo Japani iliigeuza dola la vibaraka mwaka 1932. Mwaka 1938 Mamiya alivushwa mto Khalkha kwa siri pamoja na mtu mmoja wa ujasusi aitwaye Yamamoto, wakakamatwa upande wa Mongolia, na Yamamoto akachunwa ngozi akiwa hai mbele ya macho yake kwa amri ya ofisa Mrusi. Nimesoma maelezo mengi ya mateso katika hukumu ninazotafsiri, na nilidhani nimeshakuwa sugu. Ukurasa ule niliufunga mara mbili. Kinachotisha ni utulivu wa sauti. Mzee anasimulia kwa adabu ileile anayotumia kuomba radhi kwa kumpotezea mwenyeji wake muda. Halafu yeye mwenyewe anaachwa katika kisima jangwani, ambako jua hufika chini kwa sekunde chache tu kwa siku, na katika sekunde hizo anahisi kwamba angekubali kufa kwa furaha. Anaokolewa, anaishi, na mwanga ule unamharibia maisha yote yaliyobaki kwa sababu haurudi tena.

Mwaka uliofuata, 1939, majeshi ya Japani na ya Kisovieti yalipigana huko Nomonhan, na Wajapani walishindwa vibaya. Bwana Honda alikuwamo na alirudi akiwa amepoteza usikivu. Baadaye, katika kitabu cha tatu, tunapelekwa kwenye bustani ya wanyama ya mji wa Hsinking, ambao leo ni Changchun, mnamo Agosti 1945, Warusi wakiwa njiani, na askari wa Kijapani wanatumwa kuwaua chui na dubu kwa bunduki kabla mji haujaanguka. Daktari wa mifugo mwenye alama ya buluu shavuni anatazama bila kuweza kuzuia lolote. Toru naye, akitoka kisimani Tokyo karibu miaka arobaini baadaye, anajikuta na alama kama ile. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini riwaya inayoanza na paka inahitaji kuwa ndefu kiasi hiki: maovu ya vita ambayo watu hawakuyazungumza hayakuisha, yalizama ardhini, na visima vyote vya kitabu vinachimbua maji yaleyale. Mwandishi hasemi hivyo waziwazi, na namshukuru kwa hilo.

Sasa nifike kwenye malalamiko yangu. Kati ya mwisho wa kitabu cha pili na mwanzo wa cha tatu nilihisi hadithi inachechemea. Dada wawili, Malta Kano na Creta Kano, ambao kwa kurasa mia tatu walikuwa nguzo za kisa, wanatoweka karibu kabisa. Wazo la Toru na Creta kusafiri kwenda kisiwa cha Krete linainuliwa kisha linafifia. Na kuna mahali nilirudi nyuma kurasa kumi nikidhani nimeruka sura. Nilimlaumu mwandishi. Niliandika pembeni kwa kalamu ya risasi kwamba amechoka.

Nilikuwa nimemwonea. Baada ya kumaliza ndipo nilipopata habari kwamba mchapishaji wa Marekani aliweka kikomo cha urefu, na kwamba Rubin, akihofia kitabu kisije kikakatwa na mtu asiyekijua, alitayarisha tafsiri kamili na pia akapunguza mwenyewe maneno yapatayo 25,000, kwa ridhaa ya Murakami. Iliyochapishwa ni ile iliyopunguzwa. Sehemu kubwa ya kilichoondolewa ilikuwa papo hapo nilipojikwaa, mwishoni mwa kitabu cha pili na mwanzoni mwa cha tatu, na baadhi ya sura zilipangwa upya ili kuziba pengo. Wajerumani walipata hasara hiyo mara mbili, kwa kuwa toleo lao la kwanza la mwaka 1998 lilitafsiriwa kutoka katika Kiingereza. Wao angalau walipata tafsiri mpya ya Ursula Gräfe, kutoka katika Kijapani chenyewe, mwaka 2020.

Nilikasirika kwa siku mbili, kisha nikaanza kumwonea Rubin huruma. Mteja akiniambia hukumu ya kurasa themanini iwe hamsini, nakataa, kwa sababu nina kiapo. Mfasiri wa riwaya hana kiapo. Ana mkataba, na anajua kwamba asipokata yeye atakata mwingine. Kiingereza chake kwa upande mwingine ni chepesi, kinatiririka, na sauti ya Mamiya haifanani hata kidogo na sauti ya May Kasahara, binti wa miaka kumi na sita, jirani wa Toru, anayeacha shule na kwenda kufanya kazi katika kiwanda cha nywele za bandia. Barua anazomwandikia Toru kutoka huko, ambazo hazimfikii hata moja, ni miongoni mwa kurasa za kupendeza zaidi kitabuni. Ninachodai ni kwamba mnunuzi aambiwe jaladani, kwa herufi zinazosomeka, kwamba kitabu anachokilipia kimepunguzwa.

Hata hivyo, sidhani kwamba kurasa zilizokosekana zingenijibu maswali yangu yote. Noboru Wataya, shemeji yake Toru, mchumi mashuhuri wa televisheni anayepanda ngazi za siasa, ndiye chanzo cha uovu wa kisa kizima, lakini uovu wake unabaki ukungu. Tunaambiwa amewachafua wanawake kwa namna isiyoelezeka, na pale nilipotaka uelezwe, mwandishi anatumia kutoelezeka huko kama pazia. Jambo la pili ni wanawake wenyewe. Wapo wengi, wana majina ya ajabu na maumivu ya ajabu, na karibu wote, isipokuwa May, kazi yao ni kumfungulia Toru mlango wa chumba kinachofuata. Nililivumilia hilo kwa sababu ya mengine, lakini nililiona. Kuna pia sehemu za mapenzi zilizo wazi sana, kwa hiyo anayefikiria kumnunulia mwanafunzi wa sekondari zawadi achague kitu kingine.

Kulikuwa na furaha moja ambayo nadhani ni yetu watu wa pwani peke yetu. Mama na mwana wanaoingia katika kitabu cha tatu hawataji majina yao ya kuzaliwa; wanaitwa Nutmeg na Cinnamon, majina ambayo hata katika Kijapani yameachwa kama maneno ya kigeni. Mimi niliyekulia Tanga nikawa nawasoma kama Kungumanga na Mdalasini, na kijana yule asiyesema neno tangu utotoni, mwenye mavazi maridadi na ishara za mikono, akanijia puani kabla hajanijia machoni.

Anayekusudia kukisoma atenge wiki sita, asome cha kwanza na cha pili bila kukatisha, na apumzike siku kadhaa kabla ya cha tatu, maana pengo lipo na ni afadhali kuliingia ukiwa na nguvu. Asiyeweza kuvumilia hadithi inayoacha milango wazi asipoteze fedha zake. Mimi naipa nyota nne, na ile ya tano ninamdai mchapishaji.

Usiku nilipomaliza nilimwambia baba Nasra kwamba paka alirudi siku nyingi zilizopita, nilisahau tu kumjulisha, na kwamba amebadilishwa jina. Katika Kiingereza wamemwita kwa jina la samaki tunayemfikiria sisi kuwa kibua, lakini neno la Kijapani ni sawara, ambaye ni wa ukoo wa nguru, na ningekuwa mimi mfasiri ningemwita Nguru, paka akapata hadhi yake. Akafikiri kidogo, kisha akauliza, “Na mke je?” Nikamkabidhi kitabu.