Dawa ya upele: hesabu watu kabla ya kwenda dukani

Upele ulipoingia nyumbani kwa dada yangu, Langoni, Lamu, alinunua tyubu moja ya krimu akampaka mtoto aliyekuwa hapati usingizi. Mtoto akapona. Haikupita muda, wakawa wanajikuna wote saba. Kidudu cha upele hukaa mwilini hata wiki nne hadi sita kabla ya kuwasha, kwa hiyo mliolala mkeka mmoja na mgonjwa, jipakeni dawa siku ile ile, awashwaye na asiyewashwa.

Ndiyo maana kwa nyumba ya watu wengi naweka mbele benzili benzoeti ya asilimia 25, dawa ya maji ya kupaka, nyeupe kama maziwa. Bei yake ni nafuu, na chupa moja haiishii kwa mtu mmoja. Itikise, upake kuanzia shingoni hadi nyayoni: katikati ya vidole, kitovuni, chini ya kucha. Kaa nayo saa 24, uoge, kisha urudie kama mfamasia atakavyokuelekeza. Huchoma penye mikwaruzo, nasema mapema msiitupe. Kwa watoto huzimuliwa, maji safi nusu kwa nusu; wa chini ya miaka 2, muulize daktari kwanza. Na kwa kuwa inafanana na maziwa, ifiche mbali nao.

Harufu yake si ngeni Lamu. Benzili benzoeti imo ndani ya asumini tunazotungia vikuba, pamoja na ndugu yake benzili aseteti, anayelipatia ua lile utamu wa harufu yake.

Mkiwa wawili watatu, chukueni krimu ya pemethrini ya asilimia 5. Haichomi sana, hulala nayo usiku mmoja, ukarudia baada ya wiki, na hufaa hata mtoto wa miezi 2. Ila mtu mzima humaliza karibu gramu 30 kwa mpako mmoja. Zidisha kwa saba uone.

Mafuta ya kibiriti (salfa) yananuka na hupakwa siku tatu mfululizo, lakini hufaa wajawazito na wachanga. Vidonge vya ivamektini ni vya kuandikiwa na daktari. Mjamzito na mtoto wa chini ya kilo 15 hawapewi. Krimu za steroidi msinunue kabisa: hutuliza mwasho, kidudu kikabaki.

Leso na mashuka yafueni kwa maji ya moto, myaanike darini juani. Mwasho ukiendelea wiki mbili au tatu baada ya dawa, ni ngozi inapoa. Msikimbilie chupa nyingine.