Mafuta ya mwarobaini kwa mimea ya ndani: dawa nzuri, lebo inaahidi kupita kiasi

Nianze na jibu kabisa ili asiye na muda asome aondoke: haya mafuta ya mwarobaini yaliyokamuliwa bila moto, yale ya chupa nyeusi, yanafanya kazi na nitaendelea kuyatumia kwa nyanya na pilipili zangu zinazokaa ndani chini ya taa za LED. Ila lebo yake jamani. Imeandikwa yanamaliza wadudu wote na pia yanarudisha ukijani wa majani, na hilo la pili si kweli hata kidogo na ndo linalopoteza watu. Mdudu ni mdudu na njaa, yaani mmea kukosa virutubisho, ni njaa. Jani lenye njaa hata ulipake chupa nzima halitarudi.

Mi naona watu wengi wanaolima ndani bila kemikali hawashindwi na wadudu, wanashindwa kujua wanachokitazama. Mtu anaona jani lina vidoti vya njano anakimbilia mbolea, anamwaga, mmea unazidi kudhoofika, anaongeza tena, kumbe huko chini ya jani utitiri unakula raha. Huu utitiri mwekundu ni mdogo kiasi kwamba kwa macho unaona kama vumbi, una miguu minane kama buibui, na unafyonza jani chembe kwa chembe kutokea upande wa chini, kila unapofyonza panabaki kidoti cheupe kinachoonekana kwa juu. Ukiuacha unafuma utando mwembamba kwenye maungio ya majani na hapo ujue umeshachelewa.

Njaa haiji hivyo, njaa ina mpangilio wake. Nitrojeni ikipungua yanaanza majani ya chini, ya zamani, jani zima linapauka kwa sababu mmea unaitoa huko na kuipandisha kwenye machipukizi. Magnesiamu nayo inaanzia chini ila hapo mishipa inabaki kijani na nafasi ya kati ya mishipa ndo inageuka njano. Chuma ni kinyume, kinaonekana kwenye majani machanga ya juu maana hakihami kirahisi ndani ya mmea, na mara nyingi chuma kimo kwenye udongo tele tu, sema pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, imepanda mizizi haiwezi kukichukua. Kwa nyanya na pilipili kwenye udongo mi napenda pH iwe kati ya 6 na 6.8, ikitoka hapo kabla sijanunua chochote narekebisha hiyo kwanza.

Kwa hiyo kabla hujafungua chupa, geuza jani. Chukua lenzi ya mara 10, au weka karatasi nyeupe chini ya tawi ulipigepige taratibu, subiri kidogo, ukiona vidoti vinatembea basi una utitiri, na vidoti visipotembea hata kimoja weka chupa chini urudi kwenye maji na mbolea.

Sasa mafuta yenyewe. Harufu ni kali, kama kitunguu saumu kilichochanganywa na karanga zilizochacha, na ndani ya chumba inakaa mpaka kesho yake, mwenye pua nyepesi ajue. Kukiwa na baridi yanaganda yanakuwa mazito kama siagi, hayajaharibika, weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu yatalainika, usiyachemshe. Kipimo cha kawaida ni mililita 5 kwa lita moja ya maji pamoja na sabuni ya maji isiyo na manukato, mililita 1 au 2 hivi. Sabuni ndo siri ya kazi yote hapa, bila hiyo mafuta na maji havishikani. Weka maji ya uvuguvugu, tia sabuni, koroga, halafu mimina mafuta kidogo kidogo huku unatikisa mpaka maji yawe meupe kama maziwa mepesi. Ukiona matone ya rangi ya dhahabu yanaelea juu hayo hayajachanganyika, ukipuliza hivyo jani moja litapata maji matupu na lingine litapata mafuta mazito na kuungua. Na hata yakichanganyika vizuri endelea kuitikisa spreya kila baada ya muda mfupi, pia tengeneza kiasi cha siku hiyo tu maana mchanganyiko ukilala unapoteza nguvu.

Puliza taa zikiwa zimezimwa. Hili lebo haikulisema na ni kubwa. Mafuta kwenye jani pamoja na mwanga mkali wa karibu yanababua majani, halafu ile azadirachtini, kiungo chenyewe kinachovuruga wadudu, inavunjwavunjwa na mwanga. Mi napuliza taa zinapozima, nawasha feni ndogo hewa izunguke, mpaka taa ziwake tena majani yameshakauka. Jaribu kwanza jani moja usubiri siku nzima, hasa kwa miche michanga. Na puliza CHINI ya majani, huko ndo wanakoishi, ukipuliza juu tu umeosha mmea basi.

Kuhusu nguvu yake, kwa vidukari na nzi weupe nimeridhika sana. Usitegemee wafe papo hapo, azadirachtini haiui kwa kishindo, inawakatisha hamu ya kula na kuwazuia wachanga wasijivue ngozi kwa hiyo hawakui, idadi inashuka pole pole. Kwa utitiri kinachosaidia zaidi ni mafuta yenyewe kuuziba usipumue, maana yake usipoguswa na tone haudhuriki, na mayai mengi yanapona. Kwenye joto la nyuzi 30 hivi utitiri unatoka yai hadi mkubwa kwa kama wiki moja tu, sasa mtu akipuliza mara moja akakaa wiki mbili anakuta kizazi kipya kabisa halafu anasema dawa feki. Rudia kila baada ya siku 4 au 5, mara tatu au nne mfululizo. Utitiri unapenda joto na ukavu, kwa hiyo kuosha majani kwa maji kabla ya kupuliza, upande wa chini, kunapunguza kazi kweli.

Penye udhaifu ni kwa vile vijinzi vyeusi vinavyoruka ukigusa chungu. Lebo inasema mwaga mchanganyiko kwenye udongo, nimemwaga, vinapungua kidogo vinarudi. Mabuu yake yanaishi kwenye udongo wa juu uliolowa, ukiacha sentimita mbili tatu za juu zikauke kabla ya kumwagilia unakuwa umeondoa sehemu kubwa ya tatizo, na mabuu yaliyobaki yamalizie na ile bakteria ya BTI, inayotumika pia kuua viluwiluwi vya mbu, ambayo haidhuru minyoo ya ardhi wala mmea.

Kitu kingine ambacho chupa haitakwambia: wingi wa vidukari mara nyingi unatoka kwenye mbolea. Ukizidisha nitrojeni mmea unatoa machipukizi laini yenye utomvu mtamu na vidukari vinayapenda hayo. Mbolea za asili zinafanya kazi taratibu kwa sababu vijidudu vya udongo lazima vizimeng'enye kwanza, sasa mtu anaweka leo asipoona kitu kesho anaongeza, zikija kufunguka zinafunguka zote kwa pamoja. Mi naweka mbolea ya minyoo juu ya udongo kwa kiasi na kusubiri, basi. Na nyanya au pilipili ikioza kitako usikimbilie kununua kalsiamu kwanza, angalia umwagiliaji wako, leo udongo mkavu kabisa kesho umefurika, hapo kalsiamu haifiki kwenye tunda hata kama imejaa kwenye chungu.

Mafuta haya nayapa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeitoa kwa sababu ya lebo, si kwa ile ahadi ya ukijani tu, kipimo pia kimeandikwa kwa vifuniko badala ya mililita, na hakuna mahali inapoeleza kama azadirachtini imo. Yapo mafuta ya mwarobaini yaliyosafishwa hadi kiungo hicho kimeondolewa, yanaziba wadudu tu lakini hayazuii wachanga kukua, na mnunuzi ana haki ya kujua anabeba lipi. Tafuta penye maneno yaliyokamuliwa bila moto, rangi iwe ya kahawia au njano nzito, na ukifika nyumbani iweke chupa mbali na mwanga na joto.

Na kama unapanga kuachia wale utitiri wawindaji wanaokula utitiri mwekundu, acha kupuliza mapema na majani yasafishwe kwanza, mafuta hayachagui, nao yatawaziba vilevile.