Kliniki ya afya ya akili ya watoto, Mwanza: maoni ya mzazi

Mwanangu wa darasa la tatu anatibiwa ADHD, yaani tatizo la upungufu wa umakini na utukutu uliopitiliza, katika kliniki ya watoto ya hospitali moja jijini Mwanza, na hapohapo anachunguzwa iwapo ana pia ugonjwa wa hisia, yaani wa furaha, huzuni au hasira kupita kiasi. Jina la hospitali nimeliacha kwa kuwa bado tunahudhuria pale.

Sifa kubwa ya kliniki hii ni kwamba haina pupa. Kabla ya kufika pale tulikuwa na majibu tele: shuleni walisema ni ukorofi, na ndugu zetu wa Magu walisema ni mambo ya ukoo. Daktari alianza kwa kuuliza uzazi ulikuwaje, kama mtoto aliwahi kupata degedege, analala saa ngapi, na kama katika ukoo yupo aliyewahi kuugua akili. Kisha akaagiza macho na masikio yapimwe, kwa sababu mtoto asiyeona ubao wala kumsikia mwalimu naye huonekana hatulii. Alitaka pia taarifa ya mwalimu kwa maandishi, akieleza kwamba dalili za ADHD sharti ziwe zilianza kabla ya umri wa miaka 12, ziwe zimedumu angalau miezi 6, na zionekane nyumbani na shuleni pia.

Kuhusu hisia ndiko nilikonufaika zaidi. Tulielezwa kwamba utukutu wa ADHD huwapo siku zote, ilhali ugonjwa wa hisia za kupanda na kushuka huja kwa vipindi, mtoto akawa si yule mliyemzoea, akalala saa chache na bado akaamka na nguvu tele. Tena wapo watoto ambao hasira yao haina vipindi, ni ya kila siku, na hao hupimwa kwa jicho jingine. Tuliagizwa tuandike katika daftari usingizi wake, chakula chake, na kila hasira: ilizuka baada ya nini, ikadumu muda gani. Daftari hilo lilionyesha kwamba hasira nyingi huja alasiri, kidonge cha asubuhi cha methilifenideti, dawa yake ya ADHD, kikiwa kimekwisha nguvu, kwa maana kile cha muda mfupi hufanya kazi kwa takriban saa 4 tu. Zipo siku ambazo hazielezeki hivyo, na kwa ajili ya hizo uchunguzi unaendelea. Ningehofu sana kama tungepewa dawa ya pili kabla ya kujua hayo.

Wauguzi nao wanastahili shukrani. Kila hudhurio hupima uzito, urefu, mapigo ya moyo na shinikizo la damu, kwa kuwa dawa hii hupunguza hamu ya kula na huweza kupandisha mapigo na shinikizo hilo. Mmoja wao alinishauri, “Baba, mpe uji ashibe kwanza, ndipo umpe kidonge,” na ushauri huo umetusaidia kweli.

Kasoro iko kwenye benchi la korido. Wote tunaitwa asubuhi ileile, na watoto ambao shida yao ndiyo kutokuweza kutulia wanalazimika kukaa hapo hadi mchana, bila hata mahali pa kuchezea. Wazazi wa Sengerema wamepata nafuu ya njia tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, kwa kuwa hawasubiri tena kivuko, lakini muda waliouokoa wanaupoteza kwenye foleni. Uongozi ungeweza kumpangia kila mzazi saa yake, jambo lisilohitaji fedha nyingi. Dawa yenyewe pia huadimika dirishani, na kwa vile hudhibitiwa kisheria, si kila duka la dawa mjini huwa nayo. Ni vyema kuulizia kabla ile ya nyumbani haijakwisha.

Anayekusudia kwenda abebe taarifa ya mwalimu na madaftari ya shule ya mtoto, na ikiwezekana baba na mama wafike pamoja, kwa sababu maswali ya daktari huwahusu wote wawili.