Kisu cha mfukoni: yenye meno ama makali yaliyonyooka?

Ninavyo viwili vya kukunja, Opinel Namba 8 (Opinel ni chapa ya visu ya Kifaransa) makali yamenyooka mpaka ncha, na chengine hakina jina, nusu makali nusu meno. Kwa matumizi ya kila siku hapa Mombasa chukua yaliyonyooka wala usisite.

Angalia kazi zenyewe: kufungua maboksi, kukata selotepu, kukata ndimu, kumenya embe. Makali yaliyonyooka yanapita safi, meno yanararua, menya embe boribo na meno uone, nyama nusu inaenda na ganda na maji yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Na hiki cha nusu kwa nusu ndo kinaudhi zaidi manake meno yamekaa karibu na mpini, pale pale mkono unapokuwa na nguvu, sasa ukitaka kuchonga kijiti unabakia na kipande cha mbele tu.

Kamba ndo kazi ya meno, hapo sibishi. Kamba ya nailoni ama mkanda wa kufungia mizigo, makali ya kawaida yakianza kufa yanateleza tu, meno yanashika papo hapo, na yanadumu sababu ncha ndo zinazogusa kibao, mle kwenye mashimo makali yamejificha. Kama wewe ni mvuvi ama unashinda kwenye boti chukua ya meno.

Lakini kunoa sasa! Yaliyonyooka jiwe lolote zuri linatosha, laza kama digrii 20 kila upande, dakika chache kishakaa sawa. Meno yataka kijiti cha kunolea cha mviringo, jino moja moja, na mengi yamechongwa upande mmoja tu. Usimpe mnoaji wa jiwe la kuzunguka, atayasaga yote.

Halafu kuna chumvi ya bahari, kutu inapenda kuanzia kwenye vile vishimo ambako kitambaa hakifiki vizuri. Opinel zipo za kaboni na za stenlesi. Kaboni inanoleka raha lakini ikate ndimu uiache hivyo hivyo, madoa meusi yashaingia, kwa huku pwani tafuta ilioandikwa Inox, yaani stenlesi, kwenye bapa. Bapa la hii Namba 8 ni sentimita 8.5, lina ringi ya kuzungusha lisikukunjikie vidoleni, izungushe kila unapokifungua. Mpini ni mbao, usiuloweke majini, ukivimba bapa linakuwa gumu kufunguka.